Kubana Picha: Neno Moja, Dhana Mbili

Neno kubana limekwisha kuenea katika maelezo ya kompyuta. Husemwa kwamba picha "imebanwa" pale faili lake linapogeuzwa kutoka umbizo moja hadi jingine ili lichukue nafasi ndogo. Neno lenyewe ni zuri, lakini limefunika dhana mbili zinazotofautiana sana, na mtumishi anayezichanganya aweza kuharibu waraka asioweza kuupata tena. Makala haya yanakusudia kuzipambanua dhana hizo.

Kwanza tueleze chanzo cha ukubwa wa picha. Picha ya kompyuta ni safu za nukta ndogo, na kwa kawaida rangi ya kila nukta huandikwa kwa baiti 3. Kwa hiyo picha yenye nukta 3,000 kwa upana na 2,000 kwa urefu ina nukta 6,000,000, nayo isipobanwa huhitaji baiti 18,000,000.

Njia ya kwanza ya kuipunguza ni ile ya umbizo la PNG, lililotolewa mwaka 1996. Hapa marudio hufupishwa: badala ya kuandika nukta nyeupe moja moja mara elfu, huandikwa kwa ufupi kwamba nyeupe imerudiwa mara elfu. Faili likifunguliwa, kila nukta hurudi kama ilivyokuwa. Hali hii ni sawa na kushindilia pamba katika robota: ujazo hupungua, lakini pamba ni ileile.

Njia ya pili ni ile ya JPEG, umbizo ambalo kanuni zake zilichapishwa mwaka 1992. Hilo huigawa picha katika miraba ya nukta 8 kwa 8, kisha huacha tofauti ndogo ndogo za rangi na mwanga ambazo jicho halizitambui kwa urahisi. Huku ni kukoboa mahindi: mzigo umepungua kwa kuwa kuna kilichotolewa, wala pumba hazirudi. Kwa picha za watu na mandhari njia hii yafaa sana. Kwa maandishi na mistari myembamba, huacha ukungu kandokando ya herufi.

Tuchukue mfano wa karani aliyepiga picha hati ya shamba yenye muhuri uliofifia. Akiigeuza kuwa JPEG ya ubora wa chini, tarakimu 3 yaweza kufanana na 8. Akitambua kosa lake na kuigeuza kuwa PNG, hatarejesha kitu. Aghalabu atapata faili kubwa zaidi lenye ukungu uleule. Wala asidhani kwamba kubadili herufi za mwisho wa jina la faili ni kugeuza umbizo. Huko ni kubadili kibandiko cha chupa na kuacha dawa ileile ndani.

Kwa sababu hizo, tunapendekeza istilahi ubanaji timilifu kwa njia ya kwanza, na ubanaji pungufu kwa njia ya pili. Sifa hizo mbili humwonya mtumiaji kabla hajabonyeza kitufe. Mfasiri wa kitabu cha maelekezo asiridhike na kubana pekee, na mwalimu aanze na robota na mahindi kabla ya kutaja baiti. Kwa watumishi wa ofisi, neno letu ni fupi: nakala ya asili itunzwe daima.

Tunawaomba wasomaji watuletee maoni yao.