Saa Tisa, Mlangoni

Kazi yangu ni kufundisha watu kutembea. Wengi huletwa wamebebwa: huyu kaanguka mnazini, yule kapooza upande mmoja, mtoto kazaliwa na nyayo zilizopinda na ndiyo kwanza katolewa hogo. Kwa hiyo habari ya kiwete wa Yerusalemu, katika sura ya 3 ya Matendo ya Mitume, mimi huisoma nikianzia miguuni.

Petro na Yohana walikuwa wakienda hekaluni kusali, saa tisa. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kugeuza saa hapo. Wayahudi walihesabu kuanzia macheo kama sisi, na saa tisa yao ni hii hii yetu ya alasiri. Watu walikuwa wengi, wakati mzuri kwa ombaomba. Mtu huyu aliwekwa kila siku kwenye mlango ulioitwa Mzuri. Wataalamu wengi hudhani ni ule wa shaba ya Korintho aliousifu mwanahistoria Yosefo, ingawa leo hauonekani, maana Warumi waliliteketeza hekalu mwaka 70.

Alikuwa na zaidi ya miaka 40, kiwete tangu kuzaliwa. Mguu usiokanyaga muda wote huo misuli yake hunywea na maungio hukakamaa. Na hata ungemnyoosha mifupa yote, bado hajui kutembea, kwa kuwa hajawahi kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Mtoto hujifunza hayo kwa karibu mwaka mzima, akianguka kila siku. Huyu aliinuka, akatembea, akarukaruka. Wengine hustaajabia mifupa. Mimi hustaajabia madarasa aliyoyaruka.

Luka, ambaye mapokeo yanamtaja kuwa mwandishi na tabibu, hasahau nyayo na vifundo vya miguu. Hasahau mkono pia. Petro hakuwa na fedha wala dhahabu. Alilitaja jina la Yesu wa Nazareti, kisha akamshika yule mtu mkono wa kuume, akamwinua. Angeweza kutamka tu, akakaa kando. Halafu, baada ya kuruka kote kule, tunamkuta kwenye ukumbi wa Sulemani bado amewang'ang'ania Petro na Yohana. Mshiko huo naujua. Nimewahi kurudi nyumbani na alama za kucha mkononi.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuingia hekaluni. Sheria katika Mambo ya Walawi ilimkataza kuhani mwenye kilema kuhudumu madhabahuni, si muumini wa kawaida kusali. Lakini mtu akiwekwa mlangoni miaka na miaka, wapitao humzoea kama kizingiti. Nabii Isaya alikuwa amesema kwamba siku ya wokovu kiwete atarukaruka kama kulungu. Wakristo wa mwanzo walikuwa Wayahudi, walilelewa na maneno hayo, na hawakuhitaji kufafanuliwa miruko ile. Petro aliharakisha kuukana uwezo wake mwenyewe: aliyeponya ni yule aliyesulubiwa, naye yu hai.

Mzee mmoja, akiwa kati ya vyuma viwili vya mazoezi, aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, yule alishikwa mkono mara moja. Mimi mbona mwezi wa tatu?" Nikamwambia, "Shikamoo tena, mzee wangu. Leta mkono." Alicheka, akapiga hatua nne. Jibu la swali lake sikuwa nalo, na bado sina.

Kwa kuhubiri kwamba Yesu yu hai, Petro na Yohana walilala mahabusu usiku ule. Kesho yake waliletwa mbele ya Anasi, Kayafa na wakuu wengine, wakaulizwa ni kwa jina la nani. Aliyeponywa alikuwepo, na wakuu walipomwona wakakosa la kupinga. Luka hatuambii jina lake, wala hatuandikii hata neno lake moja. Ilikuwa siku ya pili ya miguu yake, naye alikuwa amesimama.