Jeki ya Mafuta na Mzigo wa Tela

Watu wengi waonapo tela ikimwaga mahindi hudhani kwamba jeki ya mafuta huinua uzito wa mzigo tu. Sivyo. Bodi ya tela hugeuka juu ya bawaba zilizo nyuma, na kazi ya kila nguvu hutegemea umbali wake toka bawaba hizo.

Tuseme bodi na mzigo wake ni tani 4, na kitovu cha uzito ki mita 2 toka bawaba. Jeki ikisukuma wima mahali palipo mita 1, yahitaji tani 8, kwa kuwa 4 mara 2 ni sawa na 8 mara 1. Lakini mwanzoni jeki hulala. Ikiwa imeinama hata kubaki digrii 30 juu ya ulalo wa bodi, nusu tu ya nguvu yake ndiyo inyanyuayo. Basi yapasa isukume kwa tani 16. Ndiyo sababu mwanzo wa kuinua ni mgumu kuliko mwisho.

Nguvu hiyo yote imezuiwa na mafuta yaliyofungwa ndani ya jeki na mpira wake. Mpira ukipasuka, bodi huanguka mara moja. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usiingie kamwe chini ya bodi iliyoinuliwa, ila iwe tupu na imetegemezwa kwa mwega imara wa chuma.