Fahamu: Barafu ya Kilimanjaro ikiisha, mvua ya Soitsambu itakuwaje?

Mfugaji wa Soitsambu, wilayani Ngorongoro, akisikia barafu ya Kilimanjaro inakwisha, ana haki ya kuuliza kama mvua nayo itakwisha. Barafu ile hailetei nyanda zake mvua. Yenyewe huishi kwa theluji inayoanguka.

Mwaka 1912 ilifunika takribani kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 zilibaki chini ya mbili. Kileleni baridi ni kali, hivyo sehemu kubwa hugeuka mvuke juani bila kuwa maji kwanza, na tangu mwishoni mwa karne ya 19 theluji ya kuijazia imepungua. Ongezeko la joto duniani linaimaliza zaidi.

Mwaka 2000 timu ya Lonnie Thompson, mtafiti wa Marekani, ilitoboa barafu hiyo ikatoa mihimili sita myembamba. Katika mmoja kuna tabaka la vumbi la sentimita tatu hivi, alama ya ukame mkali wa miaka 4,000 hivi iliyopita. Kwa jamii inayoishi kwa malisho, kumbukumbu hiyo ni hazina, na inauma kuiona ikipotea.

Hata hivyo, maji ya mito ya Kilimanjaro hutoka hasa katika msitu wa mlima huo, si kwenye barafu. Moto unaoteketeza msitu huo unastahili kututia hofu kubwa zaidi.