Windows 10 yafika mwisho, wenye maduka Arua wapata njia panda

ARUA – Kwa mwenye duka la jumla Arua Hill, kompyuta ndiyo daftari: humo mna madeni ya wateja wa Ariwara, bei za mzigo unaopitia Koboko kwenda Kaya, na risiti za EFRIS. Kuguswa kwake si jambo dogo.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, iliyotoka mwaka 2015. Mashine bado inawaka, lakini mianya yake ya usalama haizibwi tena. Kuhamia Windows 11 ni bure, ila inadai chipu ya usalama, TPM 2.0, ambayo kompyuta nyingi kuukuu hazina.

Anayekubali kuhama anaogopa wezi wa mtandaoni, wasiojua mpaka wala forodha. Anayekataa anauliza: kwa nini anunue mashine mpya na ya zamani inapiga hesabu vizuri? Tena kupakua kunakula bando.

Ipo nafuu: watu binafsi wanaojisajili wanalindwa hadi Oktoba 2026, kampuni hulipia. Vyovyote iwavyo, nakili madeni kwenye flashi kwanza. Kompyuta hununuliwa tena. Deni lisiloandikwa halidaiki.