Spika zinavuma? Tafuta chanzo, usikate waya wa ethi

UMEWASHA redio ya sebuleni, na kabla wimbo haujaanza unasikia mvumo mzito usiokoma. Wengi hulaumu spika. Mara nyingi spika haina kosa; inatangaza tu tatizo lililo mahali pengine.

Umeme wa majumbani katika nchi zetu hupiga mizunguko 50 kila sekunde. Ukipenya kwenye njia ya sauti, sikio huupokea kama mvumo.

Kumtafuta mchawi hakuhitaji vipimo. Zima amplifaya, chomoa nyaya zote zinazoleta sauti kutoka kwenye televisheni, deki na kompyuta. Acha spika na umeme pekee, kisha washa.

Mvumo ukibaki, tatizo limo ndani ya amplifaya. Mara nyingi ni kapasita za kuchuja umeme zimechoka. Mpelekee fundi, usifungue mwenyewe: kapasita zinaweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.

Mvumo ukiisha, rudisha vifaa kimoja kimoja, ukizima amplifaya kila unapochomeka waya. Kitakachorudisha mvumo ndicho cha kuchunguza.

Je, ni kompyuta? Ondoa chaja, itumie kwa betri. Ukimya ukirejea, kelele inapitia kwenye chaja. Je, ni televisheni? Chomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi. Dishi likiwa kwenye nguzo ya chuma iliyosimikwa ardhini, na amplifaya ikiwa na ethi yake kwenye soketi, kunakuwa na njia mbili za kwenda ardhini. Umeme mdogo huzunguka kati yake kupitia waya wa sauti, nawe unausikia.

Tiba ya kwanza ni kuchomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja yenye ethi, mradi mzigo usizidi uwezo wake. Isipotosha, mwombe fundi aweke transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye waya wa sauti. Pia usilaze nyaya za sauti sambamba na za umeme. Zikilazimika kukutana, zipishane kama msalaba.

Ipo dawa ya mtaani ya kukata ethi kwenye plagi. Huvutia kwa sababu mvumo unaweza kuisha kweli. Lakini waya wa moto ukigusa bodi ya chuma, ethi ndiyo inayouondoa umeme huo na kufanya fyuzi ikatike. Bila ethi, bodi hukaa na umeme ikisubiri mkono, pengine wa mtoto.

Wanaovuka mipaka wawe macho zaidi. Kenya, Uganda na Tanzania hutumia plagi ya pini tatu bapa. Rwanda, Burundi na Kongo, soketi nyingi ni za pini za mviringo. Amplifaya iliyotoka Kampala ikichomekwa Kigali kwa adapta ya pini mbili isiyo na ethi, ulinzi umeondoka bila mtu kushika kisu. Nunua adapta inayopitisha ethi, na umwite fundi umeme apime kama soketi yenyewe inayo.

Mvumo ni kero. Ethi iliyokatwa haipigi kelele, na hapo ndipo hatari yake ilipo.