Kiti cha Ubunge ni cha Nani?

Leo nataka tuzungumzie jimbo la uchaguzi ambalo halipo tena. Lilikuwa Scotland, likiitwa Kinross and Western Perthshire: nchi ya milima, kondoo na vijiji vilivyotawanyika. Liliundwa mwaka 1918, likafutwa mwaka 1983. Kati ya miaka hiyo, mara mbili lilizusha swali hili: kiti ni cha mpiga kura au cha chama?

Mwaka 1923 lilimchagua Katharine, Duchess wa Atholl, wa chama cha Conservative. Ndiye mwanamke wa kwanza kutoka Scotland kuingia Bunge la Makabwela. (Ni yeye huyo aliyesimama bungeni mwaka 1929 kulaani ukeketaji wa wasichana wa Kikuyu huko Kenya.) Hakuwa mtu wa kunyamaza. Mwaka 1938 Waziri Mkuu Neville Chamberlain alipopatana na Hitler mjini Munich, na Czechoslovakia ikamegwa, mama huyu alipinga hadharani. Viongozi wa chama jimboni wakaamua kutafuta mgombea mwingine. Yeye hakungoja. Alijiuzulu, akasimama kama mgombea binafsi ili wananchi waamue. Kura zilipigwa tarehe 21 Desemba, theluji imetanda, akashindwa. Haikutimia miezi mitatu, Hitler akaingia Prague.

Sasa tazama mwaka 1963. Waziri Mkuu Harold Macmillan alijiuzulu kwa ugonjwa, na nafasi yake akapewa Lord Home, mjumbe wa Bunge la Malodi, ambaye wakati huo hakuwa na kiti cha kuchaguliwa na wapiga kura. Tarehe 23 Oktoba akauvua ulodi wake. Kiti cha Kinross kilikuwa wazi, mbunge wake amefariki. Chama kilikwisha mteua George Younger, naye akampisha mkubwa. Kwa wiki mbili Uingereza ikawa na Waziri Mkuu asiye na kiti katika bunge lolote! Tarehe 7 Novemba Sir Alec Douglas-Home, kama alivyoitwa sasa, akashinda kwa zaidi ya kura 9,000. Ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu Kenya ilipopata uhuru wiki tano baadaye.

Wapo wanaosema watu wa Kinross walifuata chama tu kama kondoo wao. Mimi sikubali. Mwaka 1938 wakubwa wa chama walimpiga vita yule mama, lakini alishindwa kwa kura 1,313 tu. Watu mia saba wangegeuka, angerudi bungeni.