Mafigo yakichoka, damu inajaa sumu



Unajua kazi ya mashini ya kuvuta hewa chini ya shimo. Ikisimama, watu hawaanguki dakika ile ile. Moshi wa baruti na hewa mbaya hujikusanya polepole. Kichwa kinauma, miguu inalegea, na wanapotambua hatari, nguvu ya kupanda ngazi imekwisha. Ndani ya mwili ugonjwa wa uremia huja kwa njia hiyo hiyo.

Una mafigo mawili, kila moja kadiri ya ngumi yako, mgongoni chini ya mbavu. Kila siku yanachuja maji ya damu karibu lita 180, yanarudisha karibu yote mwilini, na kutoa lita 1 au 2 za mkojo. Katika mkojo huo inatoka urea, mabaki ya nyama, samaki na maharagi uliyokula, pamoja na chumvi, asidi na potasi iliyozidi. Mafigo yakiharibika, uchafu huo unabaki katika damu, na damu inaupeleka kila mahali. Hiyo ndiyo uremia.

Ubaya wake ni kimya chake. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya mafigo yake bila kusikia kitu. Dalili za uremia huonekana mara nyingi wakati imebaki chini ya sehemu 15 kwa 100. Na hata hapo zinavaa nguo za magonjwa mengine.

Kwanza mtu anaamka usiku mara nyingi kwenda kukojoa, na mkojo una povu lisiloisha upesi. Kisha uchovu: mafigo ndiyo yanayoamuru mifupa kutengeneza damu, basi yakichoka damu inapungua, na ngazi aliyopanda jana bila shida leo inamkata pumzi. Mdomoni anasikia ladha ya chuma. Mtu wa tanuru husema ni vumbi la kazi. Bukari haipiti, asubuhi anatapika, naye anasema: «Ni malaria.» Anakunywa dawa ya malaria bila kupimwa damu, juma linapita, anarudia.

Bibi yake ndiye anayeona zaidi. Pumzi ya mume inanuka mkojo. Ngozi inawasha usiku kucha bila upele wowote, na kwikwi haimwachi. Jirani anasema amelogwa, wanakwenda kwa mfumu, na huko anapewa mizizi ya kunywa au ya kupigwa bomba, ambayo mara nyingine inamaliza mafigo yaliyobaki. Baadaye miguu inavimba, na hawezi kulala chali kwa sababu maji yameingia mapafuni. Sumu ikifika kichwani anasahau maneno, mikono inatetemeka, anasinzia mchana. Mtu kama huyo akishika usukani wa lori au winchi, hatari si yake peke yake. Tena potasi ikizidi katika damu, moyo unaweza kusimama ghafula, bila onyo.

Mafigo yanaharibiwa na nini? Mbele ya yote ni tansio na ugonjwa wa sukari, ambavyo navyo havina kelele. Chumvi nyingi hupandisha tansio. Bitoyo kila siku, na kibe cha kukoleza mchuzi juu yake, ni chumvi nyingi. Lakini tuseme wazi juu ya jambo moja la kazi yetu: dawa za maumivu. Mgongo unauma baada ya zamu, mtu ananunua diklofenaki au ibuprofeni njiani, anameza kila siku miezi mingi. Siku aliyotoka jasho sana bila kunywa maji, dawa hizo zinafunga damu inayokwenda kwenye mafigo. Kunywa maji kazini kabla ya kiu, na maumivu yanayodumu umwonyeshe munganga.

Kuna pia metali. Risasi na kadmi huharibu mafigo, na kadmi ikiingia humo inakaa miaka 10 hadi 30. Inafuatana na zinki, na Kipushi, ng’ambo kidogo ya Lubumbashi, ni shimo la shaba na zinki. Mwaka 2009 waganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini, chini ya kilometa 3, ulikuwa na metali hizo kupita kiasi, pamoja na kobalti. Hiyo haina maana kwamba wote ni wagonjwa. Ina maana kwamba nguo za kazi zibaki kazini, unawe mikono kabla ya kula, na mtoto asiruke shingoni mwa baba mwenye vumbi. Sigara nayo ina kadmi.

Mafigo yakifa, iko mashini. Munganga Willem Kolff aliitengeneza Uholanzi wakati wa vita, na mwaka 1945 ilimwokoa mama wa miaka 67 aliyekwisha kuzimia kwa uremia. Hadi leo mgonjwa anafungwa kwenye mashini kama hiyo kwa kawaida mara 3 kwa juma, saa 4 kila mara, maisha yake yote au mpaka apate figo la mtu mwingine. Kwetu mashini hizo ni chache na bei yake ni kali.

Kupima mkojo kwa kijiti ni kazi ya dakika chache. Basi siku ya kupimwa afya usilete mkojo wa mwenzako kwa kuogopa kuondolewa shimoni. Wako wanaofanya hivyo. Omba upimwe tansio, mkojo, na kreatinini ya damu, na uchukue mfukoni dawa zote unazomeza, hata zile za njiani na za mfumu, munganga azione.